Neno Adimu na Neno la Kawaida: Ujifunzaji wa Msamiati wa Kiingereza katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa

1.0 Utangulizi

Miongoni mwa wanafunzi wa shule za sekondari nchini Tanzania kuna kijidaftari kinachojulikana sana ambacho hakihusu somo lolote mahususi. Upande mmoja wa ukurasa huandikwa maneno ya Kiingereza ambayo mwenye daftari ameyaokota katika kamusi, katika mdahalo wa shule au redioni. Upande wa pili huandikwa maana zake kwa Kiswahili. Maneno yanayopendwa ni yale marefu, yenye kutamkika kwa taabu na kusikika kwa nadra. Wanafunzi wenyewe huyaita maneno ya "bombastiki", na anayeweza kuyatoa hadharani bila kusita husifiwa kuwa anamwaga "ung'eng'e". Walimu hawana kauli moja kuhusu desturi hii. Wapo wanaoihimiza kwa kuamini kuwa neno lolote jipya ni faida, na wapo wanaoikejeli kwa kuona kuwa kijana asiyeweza kuandika aya moja sahihi hana haja ya maneno ambayo hata Mwingereza hupitisha mwaka bila kuyatamka.

Makala haya yanaichunguza desturi hiyo kwa kurejelea wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi Kyerwa ilipomegwa mwaka 2012. Eneo hili linafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa kuwa mwanafunzi wake wa kawaida hukifikia Kiingereza akiwa tayari ana lugha mbili za Kibantu, yaani Runyambo na Kiswahili, na kwa kuwa shughuli za wazazi wake, kuanzia migomba na kahawa hadi ng'ombe na machimbo ya bati, zina istilahi za Kiingereza ambazo orodha za msamiati wa kawaida hazizitaji. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba wanaohimiza na wanaokejeli wote wameliangalia neno adimu kwa upande wa wingi wa matumizi tu. Likiangaliwa kwa upande wa muundo wake, neno adimu la Kiingereza mara nyingi lina ujamaa mkubwa zaidi na neno la Kibantu kuliko lilivyo neno la Kiingereza la kila siku.

2.0 Hali ya Lugha katika Eneo

Runyambo, ambayo katika uainishaji wa Guthrie imepewa alama E21, ni jirani wa karibu wa Ruhaya (E22) kwa upande wa mashariki, na wa Runyankore (E13) na Rukiga (E14) kwa upande wa kaskazini, ng'ambo ya Mto Kagera. Ukaribu huu ni mkubwa kiasi kwamba Mnyambo na Mnyankore huelewana bila mkalimani. Hata hivyo, mto huo ni mpaka wa sera mbili za lugha. Nchini Uganda, kwa mujibu wa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2007, lugha ya eneo hutumika kufundishia katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha Kiingereza huchukua nafasi hiyo kuanzia darasa la nne. Nchini Tanzania Runyambo haina nafasi rasmi shuleni. Kiswahili ndicho kinachofundishia katika shule za msingi za serikali, na Kiingereza huingia ghafla mwanafunzi anapoanza Kidato cha Kwanza.

Matokeo ya mkato huo yamekwisha kuandikwa sana. Criper na Dodd, katika ripoti yao ya mwaka 1984, walibainisha kuwa kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kukifanya kiwe lugha ya kujifunzia. Serikali ilichagua kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza badala ya kubadili lugha ya kufundishia, na mradi ulioanza mwaka 1987 kwa msaada wa Uingereza ulisambaza shuleni vitabu vya hadithi vilivyorahisishwa. Mjadala wa sera ni mpana na hautarudiwa hapa. Linalohusika ni kwamba sera yoyote itakayofuatwa, mtoto aliyeko leo darasani Kayanga au Nkwenda atakutana na maelfu ya maneno ya Kiingereza katika muda wa miaka minne, na hana budi kuchagua ayashike yapi kwanza.

3.0 Adimu kwa Nani?

Dhana ya neno adimu hutegemea hesabu. Michael West, aliyefundisha kwa miaka mingi huko Bengal, alitoa mwaka 1953 orodha ya maneno yapatayo 2,000 ambayo aliyaona kuwa ya manufaa zaidi kwa mgeni anayejifunza Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead aliongeza orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, akizipata kutokana na matini za vyuo vikuu zenye jumla ya maneno milioni tatu na nusu hivi. Paul Nation naye, mwaka 2006, alikadiria kuwa msomaji anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji familia kati ya 8,000 na 9,000. Kwa kipimo hiki ushauri kwa mwenye kijidaftari ni mwepesi: aanze na 2,000 za West, afuate 570 za Coxhead, na maneno ya kujionyesha ayaache hadi baadaye. "Derive", "assume" na "approximate" yatamfaa katika kila somo. "Bombastic" lenyewe halitamfaa hata katika moja.

Ushauri huo ni wa busara, na mwalimu asiye na muda angefanya vyema kuufuata. Lakini orodha za marudio huhesabu matini, na matini zilizohesabiwa hazikuandikwa Karagwe. Mathalani, neno "wilt", 'mnyauko', halimo katika orodha ya West. Kwa mwanafunzi wa Kagera neno hili si adimu hata kidogo. Kahawa ya robusta ya mkoa huo ilishambuliwa na mnyauko katika miaka ya 1990, na mnyauko wa bakteria wa migomba ukabainika mkoani humo katikati ya miaka ya 2000, ukang'oa mashamba ambayo ndiyo chakula na ada ya nyumba nyingi. Kila kipeperushi cha kitaalamu kuhusu maradhi hayo, kikiwa kwa Kiingereza, hukirudia neno hilo tangu kichwa hadi mwisho. Hali kadhalika "weevil", yaani fukusi, na "mastitis", ugonjwa wa kiwele unaojulikana vizuri kwa wafugaji wa ng'ombe wa pembe ndefu katika nyanda za Karagwe.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Kyerwa. Wilaya hiyo imechimbwa bati tangu enzi ya utawala wa Mwingereza, na mawe yanayobeba bati huitwa kwa Kiingereza "cassiterite". Msomi wa London anaweza kumaliza maisha yake bila kulihitaji neno hili. Kijana wa Kyerwa anaweza kulikuta katika stakabadhi ya mauzo kabla hajamaliza Kidato cha Pili, na huenda akawa amekwisha lisikia machimboni kwa matamshi ya Kiswahili, kasiteraiti. Kwa upande mwingine, maneno ya theluji na majira ya baridi ambayo kitabu cha hadithi kilichorahisishwa humpa bila maelezo ni ya kawaida kabisa katika hesabu na hayana chochote cha kushikia katika maisha yake. Kwa hiyo wingi wa matumizi ni sifa ya neno ndani ya jamii fulani ya wasomaji. Si sifa ya neno peke yake.

Hapa inafaa kutaja kwa kupita kwamba Kiingereza cha wanajiolojia kina neno adimu lililochukuliwa kutoka eneo hili hili: mfumo wa miamba inayobeba bati hiyo umezoeleka katika maandishi yao kwa jina la "Karagwe-Ankolean". Mwanafunzi anayelikuta jina la wilaya yake likiwa limevishwa kiambishi tamati cha Kilatini amepata somo zima la uundaji wa maneno bila kufungua kitabu cha sarufi.

4.0 Muundo wa Neno Adimu

Maneno ya Kiingereza ya kila siku, ambayo mengi ni ya asili ya Kijerumani cha kale, hayaonyeshi uhusiano wake kwa maumbo. Anayejifunza hufanya "learn" na anayefundisha hufanya "teach". Anayenunua hufanya "buy" na anayeuza hufanya "sell". Anayeona hufanya "see" na anayeonyesha hufanya "show". Kila jozi ni maneno mawili yasiyofanana, na kila moja ni mzigo wake peke yake katika kumbukumbu. Kwa Mnyambo mambo hayaendi hivyo:

(1) kwega 'kujifunza', kwegesa 'kufundisha'
(2) kugura 'kununua'; kuguza 'kuuza'
(3) kukinga 'kufunga (mlango)', kukingura 'kufungua'

Katika (1) na (2) kauli ya kutendesha inatosha kuzaa neno la pili kutokana na la kwanza. Katika (3) ni kauli ya kutendua. Kiswahili kina taratibu zile zile, kama katika ona na onyesha, rudi na rudisha, funga na fungua. Hata pale ambapo Kiswahili kinaonekana kuachana na Runyambo, kama katika nunua na uza, historia inawapatanisha: uza ya Kiswahili ni masalio ya umbo la kutendesha la mzizi ule ule uliobaki katika gura, ila Kiswahili kimepoteza g ya mwanzo na kimesahau mzazi wa kitenzi hicho.

Msemaji wa lugha hizi basi hukua akiwa mchanganuzi wa maneno, ingawa hajui kuwa ni mchanganuzi. Akisikia kitenzi kipya chenye -is- au -es- hutegemea kuwa kuna anayesababisha. Akisikia kiambishi cha ngeli hutegemea mtu, kitu au hali. Maneno ya Kiingereza ya msingi humnyima nafasi ya kuutumia ujuzi huu. Maneno yaliyokopwa kutoka Kilatini na Kigiriki humrudishia. "Solidify" ni 'gandisha', "purify" ni 'safisha', "magnify" ni 'kuza', "classify" ni 'ainisha', na katika yote manne kipashio cha mwisho, chenye asili ya kitenzi cha Kilatini chenye maana ya 'fanya', kinabeba kazi ambayo mwanafunzi anaifahamu kuwa ni ya kutendesha. "Interact" hulingana na kauli ya kutendana. "Dehydrate", 'kuondoa maji', ina kitu cha kutendua ndani yake. Kipashio "-ite" huainisha mawe na madini karibu kama kiambishi cha ngeli kinavyofanya, tofauti ikiwa kwamba hukaa mwisho. Aliyekiona katika "cassiterite", katika "graphite" na katika "tanzanite" hahitaji kuambiwa kuwa "bauxite" ni jamii ya vitu gani.

Istilahi za Kiswahili huongeza nguvu ya ulinganisho huu. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990 ni kazi ya watu waliolazimika kulifumua kila neno la Kiingereza kabla ya kulitafutia mwenzake. Usanisinuru ni mfano mashuhuri. Katika "photosynthesis" mna mwanga na mna kuweka pamoja. Katika usanisinuru mna nuru na mna usanisi. Mwanafunzi anayewekewa maneno haya mawili ubaoni, moja chini ya jingine, huona mshono wa la kwanza kupitia mshono wa la pili. Inasikitisha kwamba katika madarasa mengi istilahi ya Kiswahili huhesabiwa kuwa kikwazo cha kukwepwa, ilhali ndiyo darubini iliyo karibu zaidi.

Lawama inayostahili kutolewa kwa kijidaftari cha bombastiki, kwa hiyo, si kwamba kina maneno adimu. Ni kwamba kila neno limeandikwa likiwa yatima, bila ndugu zake wa mzizi wala wa kiambishi. Utafiti wa saikolojia ya kumbukumbu tangu Craik na Lockhart (1972) umeeleza kuwa kinachochakatwa kwa kina hukumbukwa kuliko kinachorudiwa kwa sauti tu. Neno lililofumuliwa na kuhusishwa na lugha ya nyumbani limechakatwa. Neno lililokaririwa kwa ajili ya mdahalo wa Ijumaa limehifadhiwa hadi Ijumaa.

Hata jina la desturi hii lina la kufundisha. "Bombastic" linatokana na neno la kale la pamba iliyojazwa ndani ya mavazi ili yatune, nalo baadhi ya wanaetimolojia hulihusisha na neno la Kiajemi ambalo ndilo lililowapa Waswahili pamba. Mwanafunzi anayelitumia kuwatisha wenzake hajui kwamba ametamka neno ambalo huenda ni binamu wa neno lililoko katika godoro lake.

5.0 Hatari ya Maneno Yanayojieleza

Uchanganuzi una mipaka yake. Batia Laufer ameonyesha kwamba wanafunzi hudanganywa na maneno yanayojifanya kuwa wazi: "discourse" husomwa kama 'pasipo mwelekeo', "outline" kama 'nje ya mstari', na "infallible" kama 'kisichoweza kuanguka'. Msomaji wa namna hiyo hafungui kamusi, kwa sababu hajui kwamba hajui. Hata hivyo msemaji wa Kibantu ana kinga fulani dhidi ya kosa hili, maana lugha yake mwenyewe imekwisha kumfundisha kuwa mnyambuliko huweza kuhama. Amkia kwa Kiswahili ni kusalimu, wala hakuna anayefikiri ni kuamka kwa ajili ya mtu. Patana kimeachana na pata. Akikumbushwa mifano hiyo kabla ya kupewa mzizi wa Kilatini, atauchukulia mzizi kuwa dokezo, na sentensi kuwa hakimu.

Hatari kubwa zaidi iko kwenye maneno mafupi, ambayo hakuna mwanafunzi anayeona haja ya kuyaandika katika kijidaftari. Swali la Historia linaloanza kwa "Account for" humtaka mtahiniwa aeleze sababu. Lakini Kiswahili kimekwisha kopa neno hilo kwa maana ya akaunti ya benki, na kitenzi kile hakimo katika akaunti. Mtahiniwa aliyejiandaa vizuri husimulia tukio lote kwa utaratibu wa hesabu na kukosa alama za sababu. Katika Hisabati "mean" ni 'wastani' na "power" ni 'kipeo'. Katika Kemia "solution" ni mmumunyo, wala si ufumbuzi wa tatizo. Katika Fizikia "work" haifanyiki mtu akisimama kutwa nzima na mkungu wa ndizi kichwani bila kusogea, jambo ambalo mkulima yeyote wa Kyerwa angelikataa. Maneno haya yote ni ya kawaida kwa hesabu ya West. Ni maana zake ndizo zilizo adimu, na orodha iliyopangwa kwa maumbo haina njia ya kuzionyesha. Kama mwalimu ana nafasi ya kurekebisha jambo moja tu katika kijidaftari, basi aongeze safu ya tatu ya kuandikia somo ambamo neno limekutwa.

6.0 Kamusi na Mpaka

Nyenzo za kulitekeleza hili zipo kwa sehemu. Ng'ambo ya mto, Charles Taylor alitoa mwaka 1959 kamusi ya Runyankore-Rukiga na Kiingereza, ambayo Mnyambo anaweza kuisoma bila taabu kubwa. Kwa upande wa Tanzania, wanafunzi wa Kiingereza walitegemea kwa muda mrefu kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, hadi Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili mwaka 1996. Kazi ya Josephat Rugemalira, ambaye tasnifu yake ya mwaka 1993 ilihusu minyambuliko ya vitenzi vya Runyambo, ilizaa mwaka 2002 msamiati wa Runyambo uliotolewa chini ya Mradi wa Lugha za Tanzania, wenye Runyambo, Kiswahili na Kiingereza kwa pamoja. Umuhimu wa kitabu hiki haujatambuliwa na walimu wa Kiingereza kwa kuwa kimehesabiwa kuwa ni cha wanaisimu. Ndicho kinachoweza kumruhusu mtoto aanze na kitu kilichoko shambani kwao, apite kwenye jina lake la Kiswahili, na afike kwenye jina la Kiingereza, badala ya kuanza na jina la Kiingereza la kitu asichowahi kukiona.

Uzito wa suala hili hauishii kwenye chumba cha mtihani. Murongo, wilayani Kyerwa, ni kivuko cha kwenda Kikagati nchini Uganda, ambako Kiingereza ni lugha rasmi na maelezo ya bidhaa za dukani huandikwa kwayo. Dawa ya mifugo au ya mimea ikivuka hapo, anayekabidhiwa chupa aisome mara nyingi ni mtoto wa nyumba aliyeko sekondari, kwa kuwa ndiye anayeaminiwa kuwa anajua Kiingereza. Anachokuta kwenye karatasi hiyo ni "dilute", 'zimua', na mahali pengine ni "antidote", neno ambalo likifumuliwa humpa 'dhidi ya' na 'kilichotolewa', yaani kile anachopewa mtu aliyekwisha kunywa sumu. Hakuna hata moja kati ya hayo mawili lililomo katika orodha ya West, na hakuna lenye mvuto wa kutosha kuandikwa katika kijidaftari cha bombastiki.